Siku Wafagiaji Walipokaa Vitini

Kila Mei Mosi, watu wakishaandamana, wakaimba, wakahutubiwa na kusukumana kwenye foleni ya soda, walikuwa wanakwenda zao nyumbani. Wote isipokuwa wafagiaji wa barabara. Wao walivua fulana za sherehe, wakavaa vizibao vyao vya kung'aa, wakashika mafagio. Barabara kuu ilikuwa haitazamiki: vikaratasi, chupa, vibendera, vifuniko vya soda, kiatu cha mguu mmoja ambacho mwenyewe hajulikani alirudije kwake. Juu ya yote hayo palikuwa na maua, kwa sababu mwezi huo ndio miti ya kandokando ya barabara ilikuwa inachanua na kupukutika kwa mpigo. Ua likikanyagwa na umati linanata kwenye lami kama gundi, halitoki kwa fagio mpaka ulikwangue kwa beleshi.

Kiongozi wa wafagiaji hao alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Shangazi. Pale kazini hakuwa na mtoto wa kaka hata mmoja. Jina alilipata kwa jinsi alivyokuwa akikugombeza huku anakumiminia chai. Ukichelewa, atakusema mpaka ujute kuzaliwa, kisha atakuuliza kama umekula.

Mwaka huo chama cha wafanyakazi kilitangaza kwamba kila fani ije na bango lake. Shangazi alirudi nyumbani akiwa na kitambaa chekundu kilichokunjwa kwapani, hajui aandike nini. Akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa mlangoni anakata kucha za miguu kwa mkasi wa kushonea.

Mama mkwe alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha chapa, akishona kurasa za vitabu. Mashine zilimchukua masikio, zikamwachia sauti. Akikwambia siri, jirani wa tatu anaitikia.

"Mama, nisaidie," Shangazi alisema, akakaa chini karibu na sikio lililokuwa na nafuu. "Bango la Mei Mosi tuandike nini?"

"Mwaka jana mliandika nini?"

"Hatukuwa na bango. Tulikuwa na mafagio."

Mama mkwe akaweka mkasi pembeni. "Na hiyo Mei Mosi yenyewe unajua ilitoka wapi?"

"Si sikukuu ya wafanyakazi?"

"Ukiulizwa mtoto huyu ametoka wapi, utajibu ni mtoto? Sogea nikwambie. Nilishona kitabu chake mimi. Wenzangu walikuwa wanashona tu, mimi nilikuwa nashona huku nasoma, ndiyo maana msimamizi alikuwa ananichukia."

Akamweleza, na mtaa mzima ukasikia. Zamani, kabla ya viwanda, katika nchi za baridi tarehe hiyo ilikuwa siku ya kuiaga baridi. Watu walikwenda msituni kuchuma maua na matawi mabichi, wakasimika mlingoti uwanjani, wakaufunga tepe ndefu, wakauzunguka wakicheza. Haikuwa na uhusiano wowote na chama wala mshahara. Ilikuwa furaha ya watu waliochoka kutetemeka.

"Halafu viwanda vikaja," mama mkwe akaendelea. "Mtu anaingia kazini alfajiri, anatoka giza limeingia. Mtoto wake anamjua kwa kukohoa tu. Basi kule Amerika, mwaka elfu moja mia nane themanini na sita, wafanyakazi wakasema: tarehe mosi mwezi wa tano tunaweka zana chini, mpaka kazi iwe ya saa nane tu kwa siku. Saa nane za kazi, saa nane za kulala, saa nane za kufanya utakalo. Wakagoma maelfu kwa maelfu. Siku chache baadaye wapo mkutanoni katika mji mmoja, mtu akarusha bomu. Mpaka leo hajulikani nani. Polisi wakafyatua risasi. Wakafa polisi, wakafa na raia. Wakakamatwa viongozi, wanne wakanyongwa, na haikuthibitishwa kwamba hata mmoja wao alilirusha bomu lile."

"Lahaula," Shangazi alisema.

"Miaka mitatu baada ya mgomo ule wajumbe wa wafanyakazi wa nchi nyingi wakakutana Ufaransa, wakaamua siku ile iwe ya wote. Ndiyo hiyo mnayoinywea soda. Kuna wanaovaa ua jekundu kifuani siku hiyo. Kuna wanaopeana vimaua vyeupe kama kengele ndogo. Wengine wanaimba, wengine wanalala. Lakini mwanzo wake ni huo. Watu waliomba kupumzika, mwanangu. Wakafa kwa kuomba kupumzika."

Shangazi alibaki anakitazama kitambaa chekundu mapajani mwake.

"Sasa mama," akasema taratibu, kisha akakumbuka anazungumza na nani, akapaza sauti, "mbona sisi siku hiyo ndiyo tunayofanya kazi kuliko siku zote?"

"Mimi utaniulizaje? Kawaulize waliokutuma bango!"

Mume wa Shangazi, fundi wa kufuli, alikuwa ndani anasugua ufunguo kwa tupa. Akatoa kichwa dirishani, akamwita mkewe kwa jina la pacha wao. "Mama Pacha, usianze vita. Sikukuu inakuja, tunataka amani."

"Nani anaanza vita? Ninakwenda kuuliza swali tu."

Fundi alimjua mkewe. Akarudisha kichwa ndani.

Mkutano wa maandalizi ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Wajumbe wa kila fani walikuwa wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu mwenye sauti ya upole, aliongoza masuala ya fulana, ya bendi na ya nani atangulie mbele. Wauguzi walitaka kutangulia. Wazimamoto walitaka kutangulia na gari lao. Shangazi alikaa kimya mpaka mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo.

"Mimi nina mengineyo," akasema, akajinasua kutoka kwenye dawati. Kugombeza watu barabarani aliweza. Kusimama mbele ya darasa hakukuzoea tangu utoto. "Mwaka huu sisi wafagiaji tunaomba kusherehekea."

"Lakini mnasherehekea kila mwaka," mwenyekiti alisema. "Mnaandamana na sisi."

"Tunaandamana na nyinyi kwenda. Kurudi, nyinyi mnarudi, sisi tunabaki. Mwaka jana nilifika nyumbani watoto wamelala na fulana yangu ya sherehe ilikuwa imetumika kupangusia beleshi. Tunaomba mwaka huu tukimaliza kuandamana na sisi twende zetu."

Hawakuwa watu wabaya. Ni kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria. Kila mwaka waliondoka barabara ikiwa chafu na kurudi kesho yake ikiwa safi, wakaona ni sawa na jua kuchomoza.

"Sasa itafagiliwa na nani?" mjumbe wa madereva aliuliza.

"Ndilo swali langu mimi kwenu."

"Si mfagie kesho yake?"

"Kesho yake kuna uchafu wa kesho yake. Na usiku upepo unausukuma wote mitaroni. Ikinyesha, maji yanaingia sokoni, halafu mnasema wafagiaji wavivu."

Madereva wakaguna. Mtu nyuma akasema labda waajiriwe vibarua. Mwingine akasema vibarua nao si wafanyakazi? Watu wakacheka. Mwenyekiti akafuta miwani, jambo alilokuwa akilifanya hesabu ikigoma kutoka.

Hapo akasimama muuguzi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na dirisha. Alikuwa dada wa fundi wa kufuli, yaani wifi yake Shangazi, na wawili hao walikuwa hawaonani bila kutaniana.

"Mimi huyu wifi yangu simpendi, mnajua," akaanza, na darasa likacheka. "Alimchukua kaka yangu akiwa mnene, mtazameni sasa. Lakini leo amesema kweli. Kila fani ifagie pale iliposimama. Sisi wauguzi tutafagia mbele ya posta. Nani mwingine?"

Kisha mwoka mikate akanyoosha mkono. "Waokaji tunaweza. Unga tunafagia kila siku, vikaratasi ni nini?"

"Vinyozi tupo," akasema mwingine. "Sisi ni fagio na mkasi tangu asubuhi."

Walimu wakajiona hawawezi kubaki nyuma ya vinyozi. Wazimamoto walikubali kwa sharti kwamba watafagia mbele ya umati. Wa mwisho walikuwa madereva, na mjumbe wao alikubali kwa kusema kwamba yeye hajawahi kukataa, alikuwa anauliza tu.

Likabaki jambo moja: mafagio. Yalikuwa chini ya msimamizi wa usafi, mzee mwembamba aliyeyatunza katika stoo kama mtu anavyotunza mbuzi wa mahari. Shangazi alimwendea na wifi yake kwa msaada.

"Mafagio yangu?" msimamizi alisema. "Wapewe watu wa benki? Unajua mtu asiyejua kufagia anavyolifanya fagio? Analikandamiza! Nywele zinapinda upande mmoja, basi tena, limekuwa kilema!"

"Basi uje uwaonyeshe, bosi," Shangazi alimwambia. "Ukae katikati ya barabara, wote wakusikilize. Mpaka wazimamoto."

Msimamizi akakuna kidevu. Ni miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba atasikilizwa na wote. "Filimbi nije nayo?" akauliza.

"Njoo nayo."

Mei Mosi ikafika, anga jeupe, upepo kidogo. Bango la wafagiaji lilikuwa limeshonwa na mama mkwe mwenyewe, herufi nyeupe kwenye kitambaa chekundu: NA SISI LEO TUNAPUMZIKA. Mama mkwe aliletwa na wajukuu zake pacha, akakalishwa kivulini mbele ya duka la viatu, ua jekundu kifuani. Kila kundi lililopita alilisalimu kwa sauti iliyoishinda bendi.

Shangazi aliandamana akiwa hajui aifanyie nini mikono yake. Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kupita barabara ile bila kushika mpini. Aliipachika kiunoni, akaona anaonekana mgomvi. Akaiachia, ikawa inaning'inia kama ya mtu mwingine. Mwishowe akashika kona ya bango, ikatulia.

Pembeni yake alikuwa Kimya, mfagiaji mkongwe kuliko wote, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kunyamaza. "Shangazi, ona chupa ile. Ona, ona, wanaitupa hivi hivi! Mbele yetu! Niende nikaiokote?"

"Iache."

"Itapasuka."

"Kimya, leo wewe ni mgeni. Mgeni haoshi vyombo."

Hotuba zilikuwa ndefu kama kawaida, lakini mwenyekiti alifanya jambo moja ambalo watu walilizungumzia baadaye. Badala ya kusoma karatasi yake, alimwita mama mkwe apande jukwaani aeleze siku ile ilitoka wapi. Wakampa kipaza sauti. Wifi akakimbia kukiondoa kabla hajaanza, kwa kuwaonea huruma watu. Akasimulia bila kipaza sauti. Wa nyuma kabisa walisikia, hata waliokuwa kwenye vibaraza vya ghorofani. Aliposema habari ya wale wanne walionyongwa, mtu mmoja mbele akavua kofia. Aliposema habari ya mlingoti wa tepe na watu wanaocheza, vijana wa bendi walipiga ngoma bila kuamriwa, na watu wakamzunguka mwenyekiti kana kwamba yeye ndiye mlingoti. Alikuwa mrefu, ilifaa.

Kisha ukafika wakati. Viti vikapangwa kivulini, upande wa duka la viatu, na wafagiaji wakakaribishwa wakae. Walikaa kwenye ncha za viti kama watu wanaosubiri daktari. Msimamizi akajitokeza katikati ya barabara na filimbi shingoni, mafagio yakagawiwa.

"Msikandamize!" akalia. "Vuta, usisukume! Fuata upepo! Wewe wa benki, upepo unatoka wapi?"

"Sijui, mzee."

"Basi lowesha kidole!"

Kulikuwa na mambo pale. Makarani wa benki walifagia kuelekea kwenye upepo, wakajikuta wamefunikwa maua mpaka nyusi. Walimu walikusanya chungu moja nzuri sana ya taka, wakaanza kujadiliana iende wapi, na wakati wanajadiliana ikatawanyika. Wazimamoto waliomba ruhusa ya kutumia bomba la maji, wakanyimwa, wakaomba tena. Mafundi cherehani waliokota vikaratasi kimoja kimoja kwa vidole viwili. Vinyozi ndio waliokuwa wakienda vizuri, haraka na kimya, na kila walipomaliza kipande walirudi nyuma kukitazama kwa pembe, kama wanavyotazama kichwa.

Viti vya wafagiaji vilikuwa vimeshachangamka.

"Huyo wa shati la bluu anajua," Mrefu, binti aliyefagia upande wa soko, alisema.

"Hajui," Kimya akajibu. "Anarusha mabega. Kesho ataamka amekakamaa. Mwambieni alegeze! Legeza bega, kijana! Hapo, hapo! Naona sasa. Jamani niende nimwonyeshe kidogo tu..."

"Kaa chini!" wote wakasema kwa pamoja, na Kimya akakaa.

Fundi wa kufuli naye alikuwa na fagio, kati ya kundi la mafundi. Alifagia kwa uangalifu mkubwa sehemu ndogo sana. Mkewe alimtazama mwanamume aliyekuwa akimwambia kila jioni, "Pole na kazi," naye akijibu, "Nimeshapoa," pasipo kufikiri. Sasa alimwona anasimama, anashika kiuno, anautazama urefu wa barabara iliyobaki. Kisha akageuka akamtafuta kwenye viti, akamwona.

"Mama Pacha!" akapaza sauti. "Hii yote unaifanya wewe kila siku?"

"Kutoka posta mpaka mzunguko!"

Fundi alifuta jasho. Alitikisa kichwa, akainama tena. Shangazi aliinama ghafla, akajifanya anarekebisha kamba ya kiatu.

Alipoinua macho aliyainua zaidi ya alivyokusudia, akaona kitu. Juu ya duka la dawa, ambalo mlango wake aliufahamu kuliko mlango wa kwake, kulikuwa na ghorofa yenye madirisha ya duara na kibaraza cha chuma kilichosukwa kama ukindu. Jirani yake kulikuwa na jengo la rangi ya waridi lililopauka, na paa lake lilikuwa na jogoo wa bati anayegeuka na upepo. Alikuwa amepita chini yake miaka yote hiyo. Aliijua lami, kila ufa, kila kifuniko cha mtaro. Ya juu hakuwahi kuyatazama.

"Mrefu," akasema, "kuna jogoo kule juu."

"Wapi? Eh! Kweli, Shangazi! Tangu lini?"

Wafagiaji wote wakainua vichwa. Wakakaa wanaonyeshana: kile kibaraza, lile dirisha lenye vioo vya rangi, yule paka anayelala kwenye ukingo. Kwa mara ya kwanza siku ile hata Kimya hakuwa na la kusema juu ya mafagio. Walikuwa wameegemea migongo ya viti, miguu wameinyoosha.

Kazi iliisha jua likiwa bado juu. Barabara haikuwa safi kama wanavyoiacha wenyewe. Kwenye kingo kulibaki mistari ya maua, na mbele ya benki palikuwa na chungu ambayo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Msimamizi alipita akikagua nywele za mafagio, akasema mawili yamepinda lakini anaweza kuyatibu. Alikuwa amekaukiwa na sauti na uso wake uliwaka kwa furaha. Mwenyekiti alitangaza kwamba mwakani itakuwa hivyo hivyo, na mjumbe wa madereva akauliza kama wanaweza kupewa kipande kisicho na miti. Akazomewa kwa upendo.

Wifi akaja anajipepea kwa kibendera. "Wifi, mgongo wangu umekufa. Nitakuja kwako unikande."

"Njoo. Lakini leo siko nyumbani."

"Unakwenda wapi?"

Shangazi akafikiri. "Sijui bado," akasema, na neno hilo likamfurahisha.

Mama mkwe alirudi na pacha, mmoja kila mkono, akiwaeleza habari za mlingoti kwa mara ya tatu. Shangazi na mumewe hawakufuata njia ya nyumbani. Walikata kona ya posta, wakapita nyuma ya mahakama, wakatokea kwenye bustani ndogo yenye mabenchi ambako Shangazi alikuwa akifagia kila Jumatatu na hakuwahi kukaa. Wakakaa. Fundi akanunua machungwa kwa mwanamke aliyekuwa na beseni getini, akayamenya kwa kisu chake kidogo cha kazi. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Shangazi akavishika, akavigeuza, akavipuliza.

"Vinauma?"

"Kidogo. Nilikandamiza."

"Nilikuona."

Walikula bila haraka. Watoto wa watu walikuwa wanakimbizana kwenye nyasi, na mtu fulani mbali alikuwa bado anapiga tarumbeta, vibaya, kwa raha zake. Shangazi alivua viatu. Akalaza kichwa begani kwa mumewe, akafumba macho, jua likamgusa usoni kupitia majani.

Machungwa yalipoisha alikusanya maganda yote kiganjani, akatazama huku na huku. Pipa la taka halikuwa karibu. Akayatia kwenye mfuko wa koti la mumewe.

"Sasa hii ni nini, Mama Pacha?"

"Wewe si ndiye mfagiaji leo?" akamjibu, akifumba macho tena. "Nyamaza, nataka kulala kidogo."